Valvu Tano za Mzee Kahigi

Pale Nshamba, Ephrasia ndiye fundi pekee anayezijua redio za valvu, zile za zamani zenye taa za kioo ndani. Kazi alifundishwa na mumewe, marehemu Privatus, na tangu amzike miaka sita iliyopita anaifanya mwenyewe katika kibanda kilicho jirani na mzani wa kahawa. Akikasirika hapigi kelele. Mikono yake ndiyo huzidi wepesi.

Asubuhi hiyo shemeji yake Wilbert, nduguye Privatus, alitua mezani redio ya baba yake, Mzee Kahigi, bila hata salamu. Mdomo huohuo ndio uliotangaza kwamba Privatus aliiba valvu ya redio hiyo akaiuza, ndiyo maana inanong'ona. Neno hilo alilisema msibani kwa Privatus, akalirudia kwenye kikao cha ukoo, mpaka watoto wa Ephrasia wakaitwa watoto wa mwizi shuleni. Sasa mafundi wa Bukoba wamemrudisha bila kuitengeneza, Jumapili ukoo unakutana nyumbani kwa mzee, naye anataka redio isikike hadi kwenye migomba. Ana uso mkavu mtu huyu.

Ephrasia alifungua kifuniko cha nyuma, akawaita waliopanga foleni ya mzani waje wahesabu. Valvu tano kwenye matundu matano, na zote zinawaka. Wilbert akadai labda mojawapo ni mbovu, imewekwa kuziba pengo. Ephrasia akazibadilisha moja baada ya nyingine kwa zake nzima, na sauti ikabaki vilevile, safi lakini ndogo.

Akazima, akaipindua redio. Akachukua kapasita mpya, kile kijidude cha kutunza umeme, akaibana kwa vibanio sambamba na ile kuukuu iliyoungwa kwenye valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika. Alipowasha, sauti ilitoka kwa nguvu hata mpimaji wa kahawa akaacha kupima.

“Kapasita imekauka kwa uzee,” alisema. “Hakuna aliyeiba kitu hapa.”

Wilbert alishaingiza mkono mfukoni, akauliza bei. Ephrasia alizima, akaitoa ile kapasita mpya, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake. Alipowasha tena, redio ilirudia kunong'ona.

“Pesa yako siitaki. Sema mbele ya hawa kwamba Privatus hakuwa mwizi. La sivyo, ibebe kama ulivyoileta.”

Wilbert aliguna jambo kwa Kihaya, macho kwenye viatu vyake.

“Shemeji, wa kwenye mzani hawajasikia. Ulipomwita mwizi ulisikika mpaka Kagoma.”

Mishipa ya shingo ilimsimama Wilbert. Alimtazama Ephrasia kwa chuki ambayo hakujali kuificha, kisha akawageukia watu, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika barabarani: “Privatus hakuwa mwizi.”

Ephrasia alichomeka pasi ya kulehemu, akaitoa kapasita mfukoni. Safari hii aliiunga mahali pa ile kuukuu, mikono yake ikienda polepole.