Betri Chovu na Fomu ya Mdogo Wangu

Umeme ulikatika nyumbani Samuye saa nne asubuhi, na fomu ya mdogo wangu ya kuomba chuo cha uuguzi ilikuwa inafungwa saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Tulichokuwa nacho ni kompyuta yangu mpakato, na betri ilikuwa inaonyesha asilimia hamsini na mbili. Mtu asiyeijua ile betri angesema inatosha na kubaki. Mimi nilikuwa naijua. Ikishuka hadi kumi na tatu au kumi na mbili, huzima ghafla bila kuaga. Kwa hiyo hesabu yangu haikuanzia hamsini na mbili, ilianzia arobaini.

Mdogo wangu alikuwa amekosa nafasi kwenye awamu ya kwanza. Hii ilikuwa awamu ya mwisho. Mwaka mzima alikuwa nyumbani, anapalilia pamba na kuwajibu watu kwamba anasubiri. Siku za karibuni wageni fulani walikuwa wameanza kumuuliza Baba kama binti yake bado ana mpango wa kusoma. Swali hilo kwetu huwa haliulizwi kwa ajili ya masomo, bali kwa ajili ya posa. Baba alikuwa akiwajibu, "Bado ana mpango." Sote tulijua jibu hilo lisingedumu mwaka mwingine.

Lililoniuma zaidi ni kwamba betri ile niliiua mwenyewe, tena kwa upendo.

Nilikuwa na stesheneri ndogo kwenye makazi ya wachimbaji karibu na Bulyanhulu. Nilichapa barua, nikajaza fomu, nikawafundisha watu kufungua barua pepe. Nyuma ya ukuta wangu wa mabati kulikuwa na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na umeme ukikatika jirani yangu mwenye karasha alinivutia waya kutoka kwenye jenereta lake. Nilimshukuru sana. Meza niliiweka pale pale ukutani ili waya ufike, chaja nikaichomeka asubuhi na kuichomoa jioni ninapofunga. Bati lilikuwa linachoma mkono, na kompyuta ilikaa imejaa asilimia mia kutwa nzima kwenye joto hilo. Nilijiona mtunzaji mzuri. Kumbe betri ni kama mtu: ukimshibisha halafu ukamkalisha juani siku nzima bila kumpa kazi, hazeeki polepole, anazeeka mara moja. Betri hupenda kukaa katikati, isijae pomoni wala isikauke kabisa, na hupenda ubaridi kuliko kitu kingine chochote. Niliyajua hayo nikiwa nimechelewa mwaka mmoja na nusu. Mchimbaji mmoja, mteja wangu, aliiona ikizima mikononi mwangu akacheka. Wao shimo la kuchimbia huliita duara. "Dada," aliniambia, "hilo duara limeisha mawe. Hama."

Sikuhama. Nilikuja nayo nyumbani.

Mdogo wangu aliniuliza, "Kwani dada, tusitumie simu tu?" Tulishajaribu. Ukurasa wa chuo kwenye simu yangu ulikuwa unakataa kufunguka, na vyeti vilikuwa picha nzito zilizohitaji kupunguzwa kwanza. Kwa hiyo ilikuwa kompyuta au basi.

Nikamkalisha pembeni yangu, nikaanza kumwelekeza, kwa sababu nikiwa na hofu huwa natulia kwa kufundisha. Tulihama kibarazani tukaingia chumba cha ndani, sakafuni, kwenye saruji baridi. Si kitandani. Kitanda huziba matundu ya chini, kompyuta hupata joto, feni huanza kukimbia, na feni nayo inakula chaji. Tukapunguza mwanga wa kioo mpaka tukawa tunasoma kwa kukunja uso. Huo ndio mlaji mkubwa kuliko wote. Tukafunga kila kilichofunguka chenyewe: muziki, kurasa kumi za jana, masasisho yaliyokuwa yanashuka kimyakimya. Tukawasha hali ya kubana chaji.

"Hii nayo?" mdogo wangu aliuliza, akinyoosha kidole.

Nilitazama nikataka kulia. Simu yangu nilikuwa nimeiunganisha kwa waya ili itupe intaneti, na simu yenyewe ilikuwa inanyonya chaji kutoka kwenye kompyuta. Mwalimu mzima! Nikachomoa waya, nikawasha hotspoti, tukaendelea.

"Usione aibu," mdogo wangu alisema. "Ungekuwa unajua yote betri isingekuwa hivi."

Mama, aliyekuwa akibangua karanga mlangoni, alicheka hadi karanga zikamwagika.

Tulijaza kurasa nne, kila moja tukiihifadhi kabla ya kwenda nyingine. Vyeti vikapanda kimoja kimoja. Ilipofika saa nane na nusu tulikuwa ukurasa wa mwisho, betri ikiwa ishirini na tano. Nikaanza kupumua. Ndipo ukurasa ukatuambia kwamba ili kutuma, tuingize namba za siri zilizotumwa kwenye simu ya mwombaji, na kwamba zitakufa baada ya dakika kumi.

Simu ya mwombaji ilikuwa ya Baba. Wakati tunafungua akaunti mdogo wangu hakuwa na kitambulisho cha kusajilia laini, tukaandika namba ya Baba. Na Baba alikuwa mnadani, anauza mbuzi, mwendo wa karibu saa nzima kwa pikipiki.

Nilimpigia. Alipopokea nilisikia ng'ombe na kelele za madalali nyuma yake.

"Baba, kuna meseji imeingia sasa hivi, nisomee namba zilizomo, fanya haraka!"

Kelele zikapungua; alikuwa amesogea pembeni.

"Baba, unanisikia? Namba tu, nisomee!"

"Mayu," aliniita, yaani mama kwa Kisukuma, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki Baba, ni namba, zipo sita—"

"Ni mama yako?"

"Baba, hapana, ni fomu ya—"

"Nakuja." Akakata.

Nilibaki na simu sikioni. Kwetu mtoto hampigii baba yake akaingia moja kwa moja kwenye shida. Utamsalimu, utaulizwa kuhusu nyumba, utajibu, utauliza kuhusu safari, ng'ombe, watu aliowakuta huko, na mwisho kabisa ndipo utasema ulichopigia, hata kama nyumba inaungua. Anayeruka salamu ni yule mwenye msiba, kwa kuwa mdomo wake unakuwa umefungwa na kilio. Mimi nilikuwa nimeziruka zote. Kwa masikio ya Baba, nilikuwa nimetangaza kifo.

"Umempigia baba yako kama unaita bodaboda!" Mama alisema, safari hii bila kucheka.

Nikapiga tena, na tena. Iliita hadi ikakatika. Nilijua ilipo: Baba akipanda pikipiki, simu yake huikunja ndani ya leso na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

Betri, ishirini na tatu.

Mdogo wangu hakulaumu. Alikuwa amekaa ameikumbatia miguu, anaitazama ile namba kwenye kona ya kioo. "Tuifunike tu?" aliuliza.

Nikamweleza, na nilijisikia nikieleza taratibu mno, kama vile tulikuwa na kutwa nzima. Ukiifunika tu, kompyuta inasinzia, na anayesinzia bado anapumua, bado anakula. Kwa betri kama yetu, nusu saa ya kusinzia ingeweza kutumaliza. Lakini kuna namna ya kuilaza kabisa, ambapo inayaandika yote iliyokuwa inafanya ndani ya hifadhi yake kisha inazima, haili chochote. Ukiiwasha inakurudisha pale pale ulipoachia. Kasoro yake ni moja: kuamka kunagharimu. Ni kama kuwasha jiko la mkaa upya. Nikailaza ikiwa ishirini na moja, tukabaki tunatazama kioo cheusi.

Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka. Mdogo wangu alifagia uwanja uliokuwa umefagiliwa asubuhi.

Saa tisa na dakika ishirini na tano pikipiki iliingia uwanjani. Baba alishuka kabla haijasimama. Nyuma yake ikaja ya pili, na wazee wawili, majirani zetu, waliokuwa wameacha biashara zao mnadani kuja kumzika mtu ambaye hawakumjua bado. Mmoja alikuwa ameshavua kofia.

Mama alijitokeza mlangoni na ungo wake wa karanga. Baba alimwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. Kisha akanigeukia mimi, na sikuweza kumtazama.

"Baba, nisamehe. Nahitaji simu yako tu."

"Salamu," alisema Baba. Neno moja.

Nilipiga magoti, mdogo wangu akapiga magoti pembeni yangu. Shikamoo Baba. Marahaba. Shikamooni wazee. Marahaba, mwadila mayu. Mwadila. Mhola? Mhola duhu, salama tu. Kwako wewe uliyepo huko machimboni, watu hawajambo? Hawajambo. Na kazi? Inaendelea. Na pamba hapa imekaaje? Kila jibu nililitoa kikamilifu. Dakika zilikuwa zinakwenda, na bado nilijibu, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kilichotokea nilipojaribu njia ya mkato.

Mzee aliyevua kofia aliivaa tena. "Kumbe tumekuja kuzika karanga," alisema, na Baba, masikini, ndipo alipokaa kwenye kigoda.

Saa tisa na dakika thelathini na nane niliitoa kompyuta nje kivulini, nikaiwasha. Ikaamka na kumi na nane. Mdogo wangu akabonyeza kuomba namba mpya. Tukasubiri. Kitochi cha Baba, ile simu yake ndogo ya vitufe, hakikulia. Kumi na saba. Mdogo wangu akakichukua, akakitazama, akasema kwa sauti ndogo sana, "Dada, sanduku la meseji limejaa."

Akaanza kufuta. Meseji za bahati nasibu, za vifurushi, za miaka iliyopita. Baba aliinua shingo. "Usifute ya shangazi yako, ile ya kuhusu ndama."

"Sijaigusa, Baba."

Kumi na sita. Kitochi kikalia. Mdogo wangu alizisoma namba kwa sauti, mimi nikaziandika, kisha nikasogeza kompyuta mbele yake. "Bonyeza mwenyewe," nilimwambia. Ni fomu yake.

Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kumi na tano. Mtandao wetu mchana huo ulikuwa unakuja na kuondoka. Kumi na nne. Hata wazee, ambao hawakuwa wanajua kile kiduara ni nini, walikuwa wameinama kukitazama pamoja nasi. Kumi na tatu.

Kioo kikazima.

Nilibonyeza kitufe mara mbili, mara tatu. Taa nyekundu ilimeta mara moja na kufa. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na moja. Hakukuwa na mahali pa kufika kwa dakika tisa, na hatukujua kama kile kiduara kilikuwa kimefika au kimekufa njiani.

"Imekwenda?" Baba aliuliza.

"Sijui, Baba," nilisema. Ndiyo sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Mdogo wangu alikuwa bado ameweka kidole pale alipobonyeza.

Kitochi kilikuwa mapajani mwa Baba kilipolia. Alikitazama kwa mbali, akakisogeza karibu, akakirudisha mbali, miwani yake ikiwa imebaki mnadani kwa mtu aliyemwachia mbuzi. Akampa mdogo wangu.

Alisoma kimya kwanza. Nilimwona anaanza upya kutoka juu. Kisha akasoma kwa sauti kwamba ombi lake limepokelewa, na namba ya ombi ni hii.

Wazee walipiga makofi. Mama alisema Mungu ni mwema na kurudi kwenye karanga zake. Baba alikivuta kile kigoda hadi karibu na binti yake.

"Soma tena," alisema. "Polepole. Nataka niwajibu wale watu vizuri."