Saa ya Kufa ya Bi. Bi-gio

Siok-hun hakuwa muuguzi. Alikuwa mlezi wa kukodiwa, miaka kumi na saba katika wodi za hospitali za mji wa Tainan: kugeuza wagonjwa, kuwasafisha, kusinzia kwenye kiti kando yao. Aliajiriwa na ndugu wa mgonjwa, kwa hiyo kauli hakuwa nayo. Lakini kwa kupatana bei, mwanamke yule! Mimi naendesha ambulensi ya kukodi, na sijawahi kumshinda hata mara moja.

Mwaka mmoja alimlea Bi. Bi-gio, mwenye saratani ya mapafu. Watoto walimficha, walimwambia ni kifua tu. Siku pumzi ilipoanza kumkatika, daktari alimtaka mwanawe mkubwa, Bun-hiong, aamue kabla ya saa sita: bomba la kupumulia kooni, au arudishwe kwake. Kwetu mtu hukata roho ukumbini mwa nyumba yake, mbele ya madhabahu ya wazee wake. Akifia hospitali, roho hubaki ikitangatanga kwenye korido.

"Wekeni bomba," Bun-hiong akasema. "Mdogo wangu anafika kesho kutoka Japani."

Siok-hun akamvutia kwenye mfereji wa maji ya moto, nilipokuwa najaza chupa yangu ya chai.

"Kaka, kuliingiza ni dakika mbili. Kulitoa ni kikao cha ukoo."

"Dada, kazi yako wewe ni nepi."

"Ndiyo, na nepi za mama yako zimenikalisha naye muda mrefu kuliko wewe. Nenda kamuulize."

"Nimuulize nini? Hajui hata anaumwa nini!"

"Anajua tangu mwezi wa nne. Alinikataza nisiwaambie kwamba anajua. Alisema mtaanza kulia, na chakula mlichomletea kitapoa."

Bun-hiong akaingia. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. "Anasema hataki bomba. Anasema twende nyumbani, na ukumbi ufagiwe."

Tukaondoka. Bun-hiong alikaa mbele nami. Siok-hun nyuma, ameshika kifundo cha mkono cha mama kusikiliza mapigo, oksijeni ikivuma kwenye barakoa. Kila daraja mgonjwa hutajiwa, roho isije ikapotea njia.

"Mama, tunavuka daraja!" Bun-hiong akaita. Kisha, bila kugeuka: "Dada, bado yupo?"

Kwenye kioo nilimwona Siok-hun akiuachia ule mkono. Akaushika tena.

"Mwite, kaka. Kwa sauti."

Ilikuwa saa saba na dakika tano.

Ukumbini walimlaza, wajukuu wakapiga magoti. Siok-hun akasubiri wote wafike karibu, ndipo akaivua barakoa. Bun-hiong akauliza saa aliyokata roho, maana mtazama siku huitumia kuchagua siku ya mazishi.

"Saba na ishirini," Siok-hun akajibu, haraka kama mtu anayetaja bei.

Nje akanawa mikono, akanawa tena.

"Usinitazame hivyo. Wangejua alikata roho njiani, mwanawe angejilaumu maisha yake yote kwa kuchelewa kuamua."

Nikafunga mlango wa nyuma wa ambulensi.

"Mtazama siku akichagua siku yenye mkosi kwa saa ya uongo, anayeumia ni nani? Sisi au mwanawe?"



Akaenda hadi mlangoni, akasimama, akarudi kwenye gari, akaenda tena. Ndani walishaanza kumwita aje kumvisha marehemu.