Tope Lisiloguswa na Mchwa

Juzi nilikaa kwenye benchi la maabara moja hapa Musoma, nikisubiri majibu ya maji ya kisima chetu. Mama mmoja wa makamo alifungua kitenge chake pale kaunta, akatoa bonge la tope jeusi lililokauka. Alisema ni la lundo ambalo mashine ya kuchimba ziwa ililizoa chini ya maji ikaliacha ufukweni, naye amelikandikia nyumba.

"Mnipimie, mniandikie kuwa ni zuri," alimwambia mpimaji. "Tunataka tukandike na nyumba ya mchungaji."

"Uzuri wake ni nini, mama?"

"Mchwa hawaligusagi."

Mpimaji aliacha kuandika. "Na sisimizi?"

"Hawapandagi." Alisema akitabasamu, kama anayesifia ng'ombe wa maziwa.

"Mijusi?"

"Walikuwaga wengi. Wamehama."

"Kuku?"

"Wanapitaga mbali."

Mpimaji alivaa glovu taratibu, kidole kimoja kimoja. "Ndani ya nyumba hiyo analala nani?"

"Wajukuu," alijibu mama, na lile tabasamu likabaki mdomoni peke yake.

Mama akasaini fomu ya kupimiwa, akarudisha kalamu. Mpimaji hakuipokea.

"Baki nayo tu, mama. Majibu ni baada ya wiki mbili."

Wiki mbili ni za mashine ya kupimia; sisi wa kwenye benchi tulikuwa tumeshapata jibu. Mama alipogeuka kutafuta pa kukaa, sote tuliokuwa kwenye benchi tulijikuta tumesimama.

Tukajifanya tunampisha.