Nani Aliruka Kwanza Kutoka Mlima wa Mgodi

Wazee wawili wanaweza kukuchosha kuliko kazi zote za shule, hasa kila mmoja akidai yeye ndiye aliyeruka kwanza.

Muhula uliopita, kwenye kazi ya historia, nilibuni bibi aliyechimba dhahabu kwa kijiko. Mwalimu wa historia hakucheka. Safari hii akataka historia ya kikundi chochote cha hapa Johannesburg, na chini yake sahihi za mashahidi wawili wanaokubaliana. Nikikosa, narudia darasa.

Nikadhani nimebahatika. Baba ni fundi cherehani mtaa wa Doornfontein, hushona mahema na maturubai, na wiki hiyo wazee wawili walimletea bawa lao la zamani alitie kiraka. Si la ndege. Ni kitambaa juu ya mabomba ya alumini; unajifunga mikanda chini yake, unakimbia mteremkoni, upepo unakubeba. Walilitengeneza wenyewe ujanani, watu wawili bawa moja, wakaenda kulijaribia kwenye mlima wa mchanga uliomwagwa kutoka mgodini. Hapo ndipo kikundi chao cha kuruka kilipoanzia.

"Nani aliruka kwanza?" nikauliza. Nimeuliza maswali mengi ya kijinga, lakini hilo liliyapita yote.

"Mimi," akasema yule mrefu.

"Wewe ulianguka," akasema mfupi.

"Nilianguka mbali."

"Hata jiwe huanguka mbali likitupwa."

Ikawa hivyo siku tatu. Nikitoka shule nawakuta kwenye viti vya wateja, chai ya baba mkononi. Huyu akisaini, yule anakata. Eish. Karatasi yangu ilikuwa na makovu mengi kuliko bawa.

"Papa, wapatanishe basi."

"Mimi nashona vitambaa, sishoni watu," akasema baba bila kuinua macho. Kisha akagusa pua ya bawa. "Wazee, huu mpasuko ni wa lini?"

"Wa siku ile ile," akasema mfupi. "Huyu alininyang'anya."

"Nilinyang'anya kwa sababu ilikuwa zamu yangu."

"Zamu yako ipi? Hata mikanda hukuwa umefunga."

"Na wewe ulikuwa umefunga?"

Mfupi akaweka kikombe chini.

"Upepo ukaja," akasema mrefu, polepole. "Likatuponyoka mikononi. Likaruka vizuri sana, kusema kweli. Sisi tukalikimbiza mpaka chini."

Nikaandika upesi: aliyeruka kwanza ni bawa. Wakasaini wote wawili bila kukata kitu, kila mmoja akifurahi kwamba mwenzake hakushinda.

Mwalimu alisoma mara mbili. "Bawa liliruka lenyewe," akasema. "Kama kijiko cha bibi yako."

"Mpigie shahidi, mwalimu."

Akampigia mrefu, akafungulia sauti ya simu, akaiweka mezani. Nikamsikia mzee akikohoa.

"Historia ni nzuri, mwalimu, kijana amejitahidi," akasema. "Ila kuna jambo moja dogo la kurekebisha."