Kushika Vichwa

Katika kazi yetu ya kusuka, mteja akishaingia mlangoni hatoki. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa, kabla hata sijajua kugawa nywele mistari ikanyooka. Mteja akikukuta una mtu kwenye kiti, usimwambie asubiri, kwa sababu atasubiri kidogo kisha atakumbuka ana maharage jikoni. Mkalishe, mchane, msuke misuko mitatu minne upande mmoja, halafu mwache hapo. Mwanamke mwenye misuko upande huu na nywele zimesimama upande ule haendi popote. Kufanya hivyo sisi tunakuita kushika kichwa, na mie nilikuwa bingwa.

Saluni yangu iko Kimara, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, kwenye fremu ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda kilima. Jumamosi ungekuta nimeshika vichwa vitano, sita, wenyewe wamejipanga kwenye kochi wanapepea kwa magazeti ya zamani. Nilikuwa nazunguka tu. Huyu nampa misuko miwili, yule namwosha, yule namchovya ncha za misuko kwenye maji ya moto zisifumuke. Simu ikiita naibana kati ya bega na shavu, mikono haisimami, najibu, "Njoo tu mpenzi, hakuna watu." Na watu sita wananitazama kwenye kioo. Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja wao aliambiwa hivyo hivyo asubuhi.

Sitadanganya kwamba nilikuwa na huzuni. Nilipenda kuona kochi limejaa. Nilitoka kwetu Singida bila kitu, nikasuka barazani kwa watu, nikasuka majumbani, na sasa nina mlango wangu wenye pazia na jina la saluni juu. Kochi tupu lilinitisha kuliko ugonjwa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwenzangu aliyefungua saluni baada yangu, ana kioo kirefu na feni ya kusimama, na kila nikimwona anamkaribisha mtu nilihesabu huyo ameponyoka kwangu. Tulikuwa tunasalimiana vizuri tu, yeye na mie, kwa meno.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kufa ganzi. Mwanzoni vidole viwili, na asubuhi tu. Baadaye nikawa nafika katikati ya kichwa, sisikii kama nimeshika nywele au hewa, ikabidi nitazame kwa macho. Nikaenda zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole, akanigongagonga kiganja, akanikunja mkono, akaniuliza nasuka watu wangapi kwa siku. Nilipomjibu akaweka kalamu chini.

"Mama, huu mkono unataka kupumzika. Ukiendelea hivi kuna siku utakataa kushika chanuo, na siku hiyo hatutakuwa na la kukusaidia hapa."

Nilitoka pale nikanunua dawa ya kuchua, nikaenda kushika vichwa. Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, na alinisubiri nimalize kulalamika ndipo akasema, "Waya ukiubebesha kuliko uwezo wake unaungua. Na hauchagui pa kuungulia." Nikamwambia hajui biashara ya wanawake. Akakubali hajui, akaendelea kula.

Hofu yangu ilikuwa moja: bila ule mkono sina saluni, na nikiwaachia watu ili kuuponya mkono, sina saluni vilevile. Nilizunguka na hofu hiyo Jumamosi nyingi.

Jumamosi moja alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jirani yangu wa mtaa wa nyuma. Nilimshika asubuhi. Alitaka rasta ndogondogo, nikamsuka upande wa kushoto nusu kichwa, nikamwacha nikaenda kwa wengine. Alikuwa mvumilivu yule mama, anasahihisha madaftari ya watoto pale pale kwenye kochi. Mchana simu yake ikaita. Akasikiliza, akasema "Inna lillahi," akabaki ameshika simu sikioni. Shangazi yake aliyemlea amefariki, huko Kimbiji, na maziko ni alasiri ile ile.

Akasimama. Sote tukasimama. Ndipo akajiona kwenye kioo, na sote tukamwona: upande mmoja rasta zimeshuka mpaka begani, upande wa pili nywele zimechanwa zikatanda. Alichukua khanga yangu iliyokuwa mlangoni, akaifunga kichwani mpaka kwenye nyusi, akatoka. Nilimfuata hadi nje nikimwambia pole, pole sana mwalimu, na mkononi bado nimeshika chanuo.

Niliwamaliza wale wengine, lakini sikuwa nao. Usiku nikamwambia mume wangu, kesho naenda msibani. Akasema ni vizuri, jirani ni jirani. Sikumwambia kwamba kwenye mkoba, chini ya khanga ya rambirambi, nimetia chanuo na mafuta. Asubuhi nikawapigia niliowaahidi Jumapili, nikawaambia leo sipo. Mmoja aliuliza mara mbili kama ni mie kweli ninayeongea.

Nikavuka kwa pantoni hadi Kigamboni, nikapanda gari la Kimbiji, nikamalizia kwa bodaboda kwenye mashimo na mchanga. Nyumba ya msiba haifichiki: turubai kwa wanaume, mikeka kwa wanawake, masufuria ya pilau uani. Nikatoa pole, nikajibiwa tumeshapoa, nikakaa. Mwalimu alikuwa pembeni ya ukuta, khanga yangu bado iko kichwani vilevile, imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Mama aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Huyu kaumia kuliko wote. Tangu jana hajafunua kichwa. Kaambiwa akaoge kakataa. Hata kulala kalala hivyohivyo kajifunga."

Nikajisogeza mkekani hadi kwake, nikamshika mkono.

"Wanasema uchungu umekuzidi," nikamwambia kwa chini.

"Uchungu ninao," akasema. "Lakini nikifungua hii khanga mbele ya wifi zangu, msiba utakuwa wangu peke yangu."

Na hapo, Mungu atusamehe, alicheka kidogo, akaficha uso kwenye magoti, na yule mama jirani akadhani analia, akaja kumpapasa mgongo.

Tukatoka kwenda uani, nyuma ya banda la kuku, mahali ambapo wapishi hawatuoni. Nilimkalisha kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nikafungua khanga. Rasta ningeweza kuzimalizia, lakini hazikuwa za pale. Nikaanza kufumua. Nilikusudia kumsuka twende kilioni, ile misuko michache inayorudi nyuma, ambayo kila mwanamke anaijua na jina lake linajieleza.

Tulikuwa tumefika nusu ya kufumua, ndipo bibi mmoja akatokea na kata ya maji, dada mkubwa wa marehemu.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba." Akasogea, akainama, akakizunguka kile kichwa. "Hiki kitu gani? Fundi gani kakuacha hivi mwanangu?"

Mwalimu akaanza kunitetea, kwamba fundi wake alipatwa na udhuru.

"Ni mie bibi," nikasema.

Akanitazama kuanzia miguuni. Hakuwa na haraka, mtu wa umri ule. "Haya malizia basi," akasema. "Na usimvute sana, kashalia vya kutosha." Akaenda na kata yake.

Nikamalizia. Simu ilikuwa mkobani na mtandao wa kule unakuja na kuondoka, hivyo hakuna aliyenipata. Nilisuka taratibu, kwa sababu vidole vilikuwa vizito na hapakuwa na mwingine wa kukimbilia. Mwalimu akawa ananisimulia shangazi yake: alivyokuwa mkali, alivyomfundisha kusoma kabla hajapelekwa shule, alivyokuwa anaficha sukari kwenye mtungi kisha analaumu paka. Alisimulia mpaka mwisho. Ndipo nikagundua kitu cha ajabu, kwamba nimesuka watu miaka yote hiyo na sikumbuki lini nilisikia hadithi ya mtu ikaisha. Mtu ananianzia habari ya mumewe, namwacha na misuko minne, nikirudi keshafika kwa mama mkwe. Nilikuwa na robo robo za maisha ya watu wote wa Kimara, na sikuwa na habari kamili ya mtu hata mmoja.

Msuko wa mwisho ulipofika kisogoni nilikuwa nimetulia, nikaona haya kutulia hivyo kwenye msiba wa watu. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo hivyo kama ilivyokuwa. Mwalimu akajipapasa kichwa, akafunga khanga kwa kulegeza, akaenda kuoga.

Jumamosi iliyofuata akaja mteja nikiwa na mtu kwenye kiti. Nikamwambia, "Dada, huyu nikimmaliza ni saa nane. Nenda kafanye shughuli zako, uje saa nane." Akabaki amesimama.

"Hunishiki?"

"Sikushiki."

Akatoka kama mtu aliyefukuzwa. Hakurudi. Na wa pili hakurudi. Wa tatu nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, na mume wangu alinyamaza kwa hekima. Nilipata nafasi ya kukaa kwenye kochi langu mwenyewe, nikagundua lina msumari upande wa kulia, na wanawake wa watu walikuwa wanaukalia mwaka mzima bila kusema. Nikaugonga ukaingia. Nikanunua na mto.

Lakini waliorudi walirudi. Walikuja saa waliyoambiwa, wamekula, wamepika, wameogesha watoto wao, hawana hasira. Wakawa wanasimulia mpaka mwisho, na wengine wakisimulia mpaka mwisho unatamani ungewashika. Vichwa vilipungua, sikatai. Mkono nao ukaanza kurudi, kidole kimoja kimoja. Asubuhi moja nikashika kikombe cha chai nikasikia joto lake kwenye ncha za vidole vyote, nikakaa nacho mpaka chai ikapoa.

Baada ya arobaini ya shangazi yake, mwalimu akaja na wifi zake wawili, wageni hapa mjini. Nilikuwa na mtu kwenye kiti. Nikawaambia rudini saa tisa, nitaanza na mmoja, wengine kesho. Wale wifi wakatazamana, kisha wakaitazama saluni ya ng'ambo, yenye feni. "Sie tunataka leoleo," mmoja akasema. Wakavuka. Mwalimu akaniambia, "Mie nakuja saa tisa," akaenda zake sokoni.

Saa tisa akaja peke yake.

"Wenzio?"

"Wameshikwa."

Tukachungulia kwa pamoja. Ng'ambo kule, kwenye benchi mbele ya feni, walikaa wale wifi wawili, kila mmoja na nusu kichwa, pamoja na wengine watatu wa namna hiyo. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ningecheka na mie. Nilitaka kucheka. Lakini mwenye saluni alikuwa ametoka kusimama kizingitini, na alikuwa anavivuta vidole vyake vya mkono wa kulia, kimoja baada ya kingine, kisha anaanza upya, huku anatazama kiganja chake kama kitu alichookota.

Nikamwambia mwalimu anisubiri kidogo. Nikavuka barabara.

Aliponiona nakuja akajikaza, akaweka ule mkono nyuma. "Karibu jirani. Umekuja kuchukua watu wako?"

"Sina watu hapa," nikamwambia. "Umeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Mkono."

Mle ndani mtu aliita, dada njoo basi tunachelewa, na hakuitika. Macho yake yalikuwa yamejaa, na nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Asubuhi tu," akasema. "Vidole viwili."

"Nipe."

Alisita, kisha akanipa. Tukakaa pale kizingitini, nikaanza kumchua kiganja kwa dole gumba, kutoka kifundoni kwenda juu, mdogo mdogo, na nusu vichwa vyote vya mle ndani vikitusubiri.