Kyungu wa Nusunusu Aingia Ziwani

Mdogo wangu Kyungu hajawahi kukosa sababu. Nyumba yake pale Musonoi haina paa upande mmoja kwa sababu mvua iliwahi. Masomo ya umeme aliyaacha kwa sababu ya malaria, kwaya kwa sababu mwalimu alimwonea wivu, na mtihani wa kuendesha lori kwa sababu, alituambia bila hata kutabasamu, viatu vilimbana. Kazi yake ni kupima magunia ya madini kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja. Naamini ameishika mpaka leo kwa vile gunia likishapimwa, anayelibeba ni mtu mwingine.

Mkewe, Marlène, alivumilia miaka. Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, alifunga begi akaenda kwa mama yake Kasaji. Kyungu akanituma mimi, Mado, dada yake mkubwa, nikambembeleze. Marlène alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya Mado, mi sina kasirani," akasema, kwani kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Mi nitarudia siku Kyungu atamaliza kitu moya. Moya tu. Na bila kuleta sababu."

Nikaufikisha ujumbe. Mtu mwenye akili angechukua nyundo na misumari akapanda juu ya nyumba. Mdogo wangu alinunua kayaki.

Kama hujawahi kuiona, ni mtumbwi wa plastiki, mwembamba, wa mtu mmoja, na kasia lake lina bapa huku na huku. Yake ilikuwa ya njano, iliyoachwa na mhandisi Mzungu aliyerudi kwao. Ilipopita mtaani juu ya gari, jirani mmoja alivua kofia akidhani tumefiwa. Sikumkosoa.

"Nitazunguka kile kisiwa cha ku Nzilo, mi peke yangu," Kyungu akatangaza. "Marlène akuje aone."

"Na paa?"

"Paa kila mutu anamalizaka, yaya."

Kila mtu isipokuwa yeye! Lakini alishaanza kupiga kasia hewani, akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni.

Sisi watu wa Kolwezi ziwa la Nzilo tunalijua kwa pikiniki. Tunaenda Pasaka, tunakula kuku na bukari, yaani ugali, tunapiga picha, tunarudi. Kyungu alikuwa amekiona kisiwa chake siku ya Pasaka, maji yakiwa yamejaa baada ya masika. Akakiendea mwezi wa kumi, mwisho wa kiangazi, ziwa likiwa limeshuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba hilo lingebadilisha kitu.

Marlène alikuja kweli. Alikaa kwenye jiwe, begi mapajani, na sote tulijua kwamba begi lile jioni lingekwenda Musonoi au lingerudi Kasaji. Vijana wa depo waliisukuma kayaki majini. Kyungu alipiga kasia kwa nguvu zote na kurudi moja kwa moja kwetu, mpaka wakamgeuza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwishowe akaenda, akiyumba, akapotea nyuma ya kisiwa.

Tukangoja. Jua likapanda, likaanza kushuka.

"Atatokea upande ule ule alioingilia," nikamwambia Marlène. "Na sababu anayo tayari."

Alifungua zipu ya begi, akaifunga, akaifungua tena. Kwa hilo nilimchukia mdogo wangu.

Kisha vijana wakapiga kelele. Kyungu alikuwa akitokea upande wa pili! Marlène alisimama akalia machozi. Kayaki ilipogusa ufuko wakamnyanyua mabegani, amepakaa matope mpaka kifuani, viganja vimechubuka. Nikajua kwamba mpaka Noeli hatutasikia habari nyingine.

"Munishushe," akasema. "Mi sikuzunguka."

Wakamshusha.

"Huko nyuma maji inakatika. Kisiwa inaungana na ng'ambo, kuko matope tu. Nilivuta kayaki mu matope mpaka ku maji ya upande huu."

Kicheko kilichofuata kilisikika ziwa zima. Mtu aliyekwenda kuzunguka kisiwa kisicho kisiwa! Kijana mmoja akasema baba Kyungu alikuwa akitembeza mbuzi wake wa njano. Nilicheka kuliko wote, na sioni aibu, kwani ilistahili kuchekwa.

Marlène hakucheka. Alimsogelea mumewe.

"Ulivuta na nani?"

"Mi peke."

"Na juu ya nini haukurudia kwenye ulitokea?"

Kyungu aliangalia viganja vyake.

"Nilikaa kwanza mu matope, nikapanga vile nitawaelezea. Sababu ilikuwa muzuri kabisa. Hata yaya Mado angekubali."

Na ni kweli, ningekubali. Ziwa lenyewe lilikuwa limemkatalia. Nani angemlaumu?

"Sababu ya muzuri vile," Marlène akasema polepole, "ukaiacha mu matope?"

Marlène akamtia begi mikononi, akatangulia kuelekea kwenye gari la kurudi Musonoi. Mdogo wangu akamfuata, amelikumbatia kwa viganja vile vilivyochubuka. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali ya wiki nzima, na sikupata hata moja la kumtupia.