Alama Upande wa Ndani wa Kioo

Nilikuwa mfanya usafi kwenye ghala la manukato Al Quoz wakati chupa ya mafuta ya udi ilipopotea. Ilikuwa ya zamani, ghali mno, na ilikaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Arbab, kama tulivyomwita bosi wetu kwa Kiarabu cha huko, akaita kampuni ya uchunguzi. Alikuja kijana mmoja na brashi na unga wake, akakuta alama ya kidole upande wa ndani wa kioo, kisha akatuchukua alama za vidole wafanyakazi wote.

Nikingoja zamu yangu mlangoni nilimsikia arbab akimwambia, "Muangalie sana yule wa usafi. Yeye ndiye hubaki humu peke yake." Vidole vyangu vilitoka jasho hadi wino ukatambaa, ikabidi nirudie.

Jibu likaja: dole gumba langu la kulia.

Kabati lile sikuwahi kulifungua. Kioo nilikifuta kwa nje tu, na ufunguo sikuwa nao. Lakini mtu aliyesomea jambo akikwambia kidole ni chako, unaanza kujishuku. Kwenye basi la wafanyakazi niliutazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Niliwaza viza kufutwa, niliwaza mahabusu, nikamwaza mama Tanga akiambiwa bintiye mwizi.

Mwenzangu wa chumba huko Al Nahda, mwanamke wa Mombasa, aliniambia, "Dada, usikubali kitu hukufanya. Na usitie sahihi popote."

Asubuhi arbab alinitaka nikiri kabla hajapiga simu polisi. Nikasema siwezi. Tukiwa hapo akafika yule kijana na mkuu wake, mama wa makamo kutoka Sudan, ambaye alikuwa hajaipitisha ripoti. Akamuuliza kijana mbele yetu, "Kabla hujazitazama alama, uliambiwa lolote kuhusu huyu?"

Kijana akajibu, "Niliambiwa ndiye anayeshukiwa."

"Basi itatazamwa upya."

Alama ingepelekwa kwa mchunguzi mwingine asiyejua kisa chetu. Angeandika kwanza anachokiona kwenye alama ya kioo, ndipo aonyeshwe vidole vyetu, bila majina. Arbab akauliza kwa nini kupoteza muda.

"Alama yenyewe ni nusu," mama akamjibu. "Jicho likishaambiwa ni nani, hujijazia nusu iliyobaki."

Nikangoja siku kadhaa. Simu ya ofisi ikilia, niliacha kufagia nikasikiliza.

Hatimaye wachunguzi wakasema kidole si changu, wala cha yeyote kati yetu. Kijana alinifuata stoo nilikokuwa nikikamua matambara. "Sikukudanganya," akasema. "Niliiona kweli."

Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu nilimwamini.

Baadaye ikajulikana ndugu yake arbab ndiye aliyeichukua chupa kumwonyesha mteja, akasahau kusema. "Khalas, yamekwisha," arbab akasema, akatuagizia biriani sote. Wenzangu walikula wakicheka. Mimi nilikaa na sahani mapajani, nikilitazama dole gumba langu la kulia.